Hojaji ya Madaktari na Rovu la Khairiya

Jumatatu, 5 Julai 1993. Mishomoroni.

Nimerudi kutoka hospitali nimechoka kama niliyebeba jengo lenyewe. Rovu la mke wangu Khairiya limekuwa kubwa. Mwaka juzi lilikuwa kama kunazi pale kooni. Sasa ni limau, na akilala chali pumzi zake hupiga filimbi. Daktari Suad, binti mdogo kuliko viatu vyangu, amesema likatwe kabla halijaziba njia ya hewa. Kitanda kipo tarehe ishirini. Sista Rosalia akanisukumia fomu na kalamu. Mume atie sahihi hapa.

Sikutia. Nilimwuliza ni kifungu gani cha sheria kinachosema hivyo. Akanijibu kwamba nyuma yangu kuna watu kumi na wanne.

Hapa ndipo tulipofika. Miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa mahakama. Nimesoma kila kitabu kilichoachwa na kila wakili aliyehama. Nimeyaandikia magazeti barua mia mbili na kumi na moja, na sita zimechapwa. Leo nasukumiwa kalamu. Mtu anayetaka kumtia mke wangu kisu cha shingo anajua nini juu ya maadili ya kazi yake? Juu ya sheria? Nani amewahi kumpima? Hakuna. Basi nitawapima mimi, kuanzia Kisauni hadi Changamwe na Likoni. Wakifaulu, nitatia sahihi.

Nilimweleza Khairiya hayo njia nzima. Alikuwa anashughulika kupumua.

Jumanne, 6 Julai.

Hojaji iko tayari. Maswali ishirini, yote nimeyatoa katika kitabu kinene cha sheria ya utabibu ambacho hakina jalada. Juu nimeandika kwa herufi kubwa kwamba majina ya watahiniwa yatakuwa siri. Swali la nne: Mume akikuuliza habari za ugonjwa wa mkewe, utamwambia? Jibu: La, mpaka mke aruhusu. Swali la saba: Mwanamke mtu mzima, mwenye akili timamu, atapasuliwa. Ni nani wa kutoa ridhaa? Jibu: Yeye mwenyewe, basi. Zuri sana hilo. Litawaangusha.

Jioni akaja shemeji yangu Ghanim, ndugu yake Khairiya, anayefanya kazi kwenye matangi ya mafuta kule Changamwe. Mtu asiyesoma kitu ila vibao vya Usivute Sigara. Aliichukua hojaji, akaisoma akiwa ameishika mbali kama samaki aliyelala. Akaniuliza, "Shemeji, ulipovuka feri juzi, ulimtahini nahodha kwanza?" Nikamwambia nahodha hashiki kisu. Akasema dada yake si faili la mahakama la kuahirishwa kila wiki. Nikamwambia kila mauaji ya uzembe huanza na mtu mmoja aliyekuwa na haraka. Akanywa chai yangu yote.

Alhamisi, 8 Julai.

Nimepiga stensili nakala arobaini. Mikono myeusi, shati jeusi. Nikaenda Changamwe kwa Daktari Boga, mwenye kliniki karibu na maegesho ya malori. Nilikaa saa tatu kwenye benchi katikati ya matandiboi, wasaidizi wa madereva wa malori, waliokuwa wakikohoa. Kinena kinauma. Ni ubao wa benchi.

Zamu yangu ilipofika sikupewa nafasi ya kusema. Nilipimwa uzito, nikapimwa joto, nikafungwa mkono kwa kile kitambaa cha kupima shinikizo la damu. Shinikizo liko juu. Daktari Boga akanilaza, akanibonyeza kinena, akaniambia nikohoe. Nilikohoa. Akasema ni ngiri, mshipa umeshuka, nikakatwe upesi. Nikamwambia nimekuja kupima, sikuja kupimwa. Akasema wote husema hivyo.

Alijaza hojaji akiwa amesimama, huku akila korosho. Sikuondoka mpaka alipomaliza.

Jumamosi, 10 Julai.

Likoni. Daktari wa kwanza alimwachia karatasi nesi wake. Wa pili alijaza kwa mwandiko ambao sijapata kuuona hata kwenye hati za mirathi. Niliugeuza juu chini. Sikuambulia neno. Nikampa sufuri, kisha dhamiri ikanisumbua, nikaipeleka kwa Mbwana, mwenye duka la dawa. Mbwana aliisoma moja kwa moja, bila miwani, huku akimhudumia mteja. Majibu kumi na saba sahihi. Alipofika mwisho akaniuliza kama nitameza kabla ya chakula au baada.

Nimemkata daktari alama mbili kwa mwandiko.

Khairiya amelalia mito mitatu. Aliniuliza wamebaki madaktari wangapi. Nikamwambia wote wa Kisauni. Akasema tarehe ishirini imebaki siku kumi. Nikamwambia naweza kuhesabu.

Jumatatu, 12 Julai.

Kisauni nayo imekwisha. Watahiniwa tisa. Nimesahihisha kwa kalamu nyekundu tangu asubuhi na uti wa mgongo umegoma. Matokeo ni msiba. Aliyepata alama za juu kabisa ni yule nesi wa Likoni, na yeye hakuwa mtahiniwa. Daktari Boga, saba kwa ishirini. Sikumtaja barazani kwenye kahawa, maana niliahidi siri. Nilisema tu yule mwenye kipara, karibu na maegesho ya malori.

Swali la saba: saba kati ya tisa wameandika mume. Saba! Mmoja wao ni Daktari Suad mwenyewe. Ameandika: "Kisheria ni mwenyewe, lakini hapa kwetu humngoja mume, ndiyo desturi." Damu ilinichemka. Nikamwandikia pembeni kwa wino mwekundu, nikitumia mwandiko wangu wa mahakamani: "KOSA. Unaijua sheria na huifuati, hilo ni baya zaidi. Mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu hutia sahihi mwenyewe. Mume hana lake hapa. Usimngoje." Nikatia sahihi, jina kamili na tarehe.

Wakati wa chakula nilimsomea Khairiya. Aliacha kula. Akaniomba nirudie, polepole. Nikarudia. Akasema, "Baba Rama, kweli ndivyo sheria isemavyo? Si wewe tu usemaye?" Nikamletea kitabu, nikamwonyesha ukurasa, nikamsomea mistari yote na tanbihi. Mara chache ananisikiliza hivyo. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na leo ndiyo siku aliyopendezwa na masomo yangu.

Akasema yeye ana miadi Jumatano. Akajitolea kumpelekea Daktari Suad karatasi yake. Nikampa. Kinena hakinipi ruhusa ya kupanda ngazi zile.

Alhamisi, 15 Julai.

Daktari Boga amenitumia mtu wa kuniuliza siri iko wapi. Nikamjibu kwamba sikutaja jina. Yule mtu akasema barazani sasa wanamwita Saba kwa Ishirini. Hilo si jina lake.

Nimeanza ripoti. Kurasa kumi na nne na bado sijafika swali la pili. Uamuzi wangu ni mmoja: sitatia sahihi fomu yoyote mpaka madaktari wote warudie mtihani. Nilimwambia Khairiya kwa upole, kwa kuwa najua atavunjika moyo. Akasema haidhuru. Akaniongezea mchuzi. Wanawake hawaeleweki. Wiki nzima uso umekunjwa kama leso ya juzi, tangu jana anacheka peke yake jikoni, acheke mpaka pumzi zimwishie, akae chini, kisha acheke tena.

Nilimwuliza Khairiya, Daktari Suad alisemaje kuhusu masahihisho? Akasema aliyasoma mara mbili na anashukuru sana. Ahaa. Mmoja ameanza kujifunza.

Jumatatu, 19 Julai.

Khairiya ameondoka asubuhi kwenda kukaa siku chache kwa nduguye Ghanim. Amefunga leso nne, kanzu ya kulalia na kikombe chake. Nikamwuliza kwa nini anachukua kikombe, kwa Ghanim hakuna vikombe? Akasema anakipenda. Akanibusu mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu Rama aende masomoni. Akasema maharagwe yako kwenye sufuria.

Yaliungua nikiwa ukurasa wa ishirini na mbili.

Jumanne, 20 Julai.

Siku ya kitanda. Asubuhi nilipata wazo la kwenda kukiangalia. Kitanda kitupu ni hoja yenye nguvu kuliko ripoti. Nilitaka wanione nimesimama karibu nacho.

Nilisimama. Hakikuwa kitupu. Khairiya alikuwa juu yake, bendeji nyeupe shingoni, macho yamefumbwa, na pembeni Ghanim ana thermosi ya uji. Nikashika chuma cha kitanda. Nikauliza ni nani aliyetoa ruhusa. Sista Rosalia akafungua faili, akanionyesha. Sahihi ya Khairiya, herufi za mtoto wa chuoni, kila moja imesimama wima. Nyuma yake imebanwa karatasi ya masahihisho. Mume hana lake hapa. Usimngoje. Jina langu kamili na tarehe.

Sista akasema, "Umetusomesha, Bwana Obeid. Karatasi yako nimeipigia mhuri."

Nikasema kwamba hiyo ilikuwa kanuni ya jumla. Haikumhusu mke wangu. Nikamgeukia Daktari Suad, nikataka anieleze upesi wametoa nini, ni baya au si baya, na atapona au hataamka. Sauti yangu ilikuwa kubwa, nakiri. Akaniangalia kwa huruma, huyo binti mdogo kuliko viatu vyangu. Akasema, "Ami, swali la nne."

Nikakaa kwenye benchi la ukumbini muda mrefu. Ghanim akaja, akanimiminia uji kwenye kifuniko cha thermosi. Nilimngoja anicheke ili nimjibu. Hakucheka. Akasema mgonjwa amefumbua jicho moja, na jambo la kwanza alilonong'ona ni kwamba niambiwe. Lilikuwa rovu tupu, hakuna ubaya ndani yake. Niliunywa uji wote. Ulikuwa wa moto sana, ndiyo maana machozi yalinitoka.

Jumatano, 28 Julai.

Khairiya yuko nyumbani. Amekatazwa kutumia sauti wiki nzima, kwa hiyo anaandika nyuma ya hojaji zilizobaki. Jana alilalia mto mmoja. Sikusikia filimbi. Kimya kile kiliniamsha mara tatu, nikapeleka kiganja puani mwake. Anapumua.

Nimefunga ripoti. Hitimisho: upimaji umefaulu. Kabla ya hojaji yangu, daktari mmoja wa Kisauni alikuwa akingoja waume. Baada ya hojaji hangoji tena. Ni ushindi, ingawa nimechoka mno kuufurahia. Toleo la pili litakuwa na maswali thelathini, na swali la saba nimeliongezea: "isipokuwa pale ambapo mume amesoma".

Kinena kimenishinda. Leo sikuweza kuinama kufunga kamba za viatu. Daktari Suad amesema ni mshipa kweli, na ukijifunga nitaletwa kwa machela. Kitanda kipo tarehe tisa Agosti. Sista Rosalia akanisukumia fomu. Safari hii mahali pa sahihi ni pangu mwenyewe. Nikamwambia sitatia sahihi mpaka wote wafanye mtihani mpya. Akaandika kitu kwenye faili bila hata kuinua kichwa.

Khairiya alisoma fomu jioni. Akachukua kalamu, akaandika: "Lete, nitakutilia mimi."

Nikamweleza kwa subira kwamba haiwezekani. Sheria iko wazi, na yeye mwenyewe nilimsomea ukurasa. Mtu mzima mwenye akili timamu hutia sahihi mwenyewe. Mke hana lake hapa.

Alichukua tena kalamu. Akaandika maneno mawili, akanisogezea karatasi: "Akili timamu?"

Nimempa sufuri. Kesho naenda kupiga stensili.