Mfuniko Uliosafiri Kuliko Ukoo Wetu Mzima

Mheshimiwa Meneja wa Posta,

Nakusalimu katika jina la Mungu aliye hai. U hali gani? Mama watoto hajambo? Kama hujaoa, basi mama mzazi hajambo? Sisi huku tu wazima kwa neema zake, isipokuwa sufuria.

Nianze na hiyo sufuria ndipo utanielewa. Marehemu mama alipotutoka, mimi na dada yangu tuligombania sufuria yake kubwa mpaka tukaigawana: mimi nikachukua sufuria, yeye akachukua mfuniko. Hatukusemeshana tena. Miaka yote hiyo nafunika wali kwa sinia. Mwaka huu Mungu kamgusa dada, akautia mfuniko kwenye boksi, akawakabidhi ninyi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ujumbe wenu wa simu ulisema kifurushi kimeondoka, kimefika, kisha kimeondoka tena na kuvuka mpaka ambao katika ukoo wetu hajauvuka mtu. Nikaiomba jumuiya yetu ya sala ikiombee safari njema. Mwenyekiti akauliza msafiri anaitwa nani, nikamsomea ile namba yenu ndefu. Wanaiombea mpaka leo.

2. Mkaandika: "Tumefika, hakuna mtu nyumbani." Mheshimiwa, mama mkwe wangu hajatoka humu tangu alipovunjika nyonga! Hata hivyo, ili tusikosekane tena, tulitoa makochi yote tukayapanga getini, tukakaa. Majirani kuona viti nje, wakajua kuna msiba. Wakaja wanalia, na sukari mkononi. Mmoja akamkumbatia mama mkwe, akamuuliza nani katutoka. Akajibu, "Mimi bado, mwanangu. Labda mfuniko." Wengine hawajaondoka hadi sasa, wamezoea.

3. Nilipofika dirishani kwenu, karani alitazama kompyuta akasema nimeshakipokea. Nikakana. Akasema, "Mama, mfumo haudanganyi." Mimi ni mtu wa imani, sibishani na kisichoonekana. Nikarudi nyumbani nikajipekua. Baba watoto akanitazama kwa jicho la pembeni: "Mke wangu, kama umekipokea sema tu, yaishe." Sasa, kama mfumo haudanganyi, basi yuko mimi mwingine aliyetia sahihi. Naomba aletwe. Nina sare za kwaya za kushona, atanisaidia upande wa vifungo.

4. Akikosekana huyo, nisajilini mimi mwenyewe kama kifurushi, mnitume kwa njia ileile. Nitaukuta mfuniko huko mbele. Stempu bandikeni popote isipokuwa usoni. Naomba tu nisikunjwe, mgongo wangu mbovu. Na msiandike kwamba nimepokelewa kabla sijafika, maana baba watoto ataoa.

Kingine, nakwambia wewe tu. Dada hupiga simu kila asubuhi kabla sijakaa kwenye cherehani: "Kimefika?" Nikisema bado, anawasema ninyi weee, mimi namtuliza, ndipo tunaingia kwenye habari za magoti yake yanayouma, watoto, na jinsi mama alivyotuchapa sote kwa mwiko mmoja. Majuzi tulicheka hadi nikashona mkono wa joho la mwanakwaya shingoni. Unaona jinsi jambo hili linavyoniharibia kazi.

Nisalimie karani, madereva, na yule paka anayelala juu ya mizani yenu. Amenenepa, Mungu ni mwema.

Wako katika imani na subira,
Mshona sare za kwaya
(siku hizi mtaani naitwa Mama Kifurushi)

Tanbihi: Nikiwa natia barua hii kwenye bahasha, tarishi wenu kasimama getini na boksi. Ni lenyewe, mwandiko wa dada naujua. Nimelitikisa, nikausikia mfuniko unagonga ndani. Akaniomba sahihi. Nikaiwaza kesho asubuhi, simu imenyamaza. Nikamrudishia boksi, nikamwambia mwenyewe hayupo nyumbani. Majirani wote kwenye makochi wakaitikia, "Hayupo." Tafadhali kizungusheni tena, kwa njia ndefu zaidi kama ipo. Nijibu upesi, ndugu yangu: dada atapiga asubuhi, nami sipendi kusema uongo.