Tanuri la Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Asubuhi nzima niko kwenye dirisha la duka langu la mikate. Natazama bomba la moshi la shemeji, mdogo wake mke wangu, anayeoka mikate ng'ambo ya barabara. Moshi kiduchu, kama wa sigara. Nikafurahi: biashara imekufa! Kisha nikaona foleni imefika hadi kwa kinyozi. Mke wangu anasema mdogo wake anaoka mara mbili ya mwaka jana, kwa nusu ya kuni. Haiwezekani. Namheshimu sana shemeji, lakini haiwezekani.

Jumatano, 6 Machi
Mpango kabambe. Wateja hupenda kuona shughuli. Nimejaza majani mabichi tanurini. Moshi mzito, wa heshima! Dobi wa jirani kaja na mashuka yenye rangi ya panya, kaniuliza kama nina akili timamu. Mikate inanuka moshi. Wateja wote wamevuka barabara. Hata mke wangu!

Alhamisi, 7 Machi
Afisa mazingira kaja. Nikamweleza kwamba uchumi ukikua, moshi nao hukua. Akasema ndivyo tulivyozoea, ila si lazima. Akanipeleka kwa shemeji. Nilijua nitafukuzwa. Wapi! Kanionyesha kila kitu: kuta mbili zilizojazwa majivu katikati ili joto lisitoroke, kuni zinazokaushwa juu ya tanuri, joto la mwisho likipasha maji ya kukandia unga.

"Shemeji, si ungeuliza tu?" akasema, akinipa mkate wa moto. "Kesho nakuletea fundi wangu."

Mwanamke huyu ana kichwa cha wahandisi watatu, na moyo wa kumi.

Jumamosi, 16 Machi
Tanuri limekamilika. Kuni nusu, mikate laini kama pamba. Afisa kapima, kasema hewa ukaa yangu imeshuka. Kanipa mkono mbele ya dobi! Nikatembea kama bwana harusi. Sifa zote ni za shemeji, nami nilisema hivyo, kwa sauti ya chini.

Jumatatu, 22 Aprili
Nimewaza sana. Ikiwa tanuri moja linakula nusu ya kuni, basi nijenge mengine manne! Yamewashwa leo. Mtaa mzima hauonekani. Dobi kahama. Shemeji kaja, kayatazama mabomba matano, kafunika uso kwa viganja.

Mwokaji mkubwa kama yule, nimemwacha hoi! Kesho naanza la sita.