Sifa Saba za Aliye Hai

Jumatano, 6 Machi

Muuguzi wa zahanati kaniambia asubuhi kwamba moyo wangu umechoka. Nimemjibu kuwa najua. Nimewafundisha moyo watoto wa kila namna, hata wasiokuwa nao. Hakucheka. Muuguzi akiacha kuchekea mizaha yako, jiandae.

Basi niungame, maana humu ndani sina wa kumdanganya. Nakufa. Si leo, lakini mwakani sitafika. Pampu imelegea, maji yanabaki njiani. Wenzangu maji huwafika shingoni. Yangu yameanzia vifundoni na yanapanda.

Jioni, mshangao! Binti yangu kaingia bila hodi. Kiini. Ni jina nililompa mimi angali mchanga, kwa kuwa alikuwa mdogo kuliko vitu vyote ndani ya nyumba na ndiye aliyetuamuru wote. Sasa ni fundi umeme, mji wa mbali. Kaja na begi la nguo na begi la vifaa, la vifaa ndilo kubwa. Kasema kasikia nimeanguka bafuni. Nani kampasha? Asidi, nani mwingine! Jirani yangu, mwalimu mstaafu wa kemia kama mimi wa biolojia. Mdomo wake haujawahi kushika siri, na siku hizi haushiki hata meno.

Kiini ana likizo mpaka Jumapili. Mkuu wake wa kazi kamwambia akihitaji kubaki zaidi, apige simu Jumapili jioni, ataongezewa. Kaniuliza hali yangu. Nimesema nzuri.

Nataka abaki. Naandika hivyo mara moja tu, nisije nikazoea. Nataka siku hiyo ikifika awe pale, kwenye kiti cha dirishani, hata kama anakoroma.

Lakini akibaki kwa sababu naumwa, atakuwa amebaki na ugonjwa, si na mimi. Huruma. Wajibu. Nitatofautishaje?

Kwa jaribio! Nimelifikiria nikiwa chooni, mahali nilipofikiria mambo yangu yote mazuri. Ukitaka kujua kama mmea unahitaji nuru, unabadilisha nuru peke yake. Maji, udongo na joto unaviacha vilevile. Basi nitaondoa ugonjwa. Nitakuwa mzima kabisa mbele ya macho yake. Akibaki na hali baba yake ni mzima, kilichombakisha ni upendo mtupu. Halina dosari!

Alhamisi, 7 Machi

Mtu anathibitishaje kwamba yu hai? Niliwaimbisha wanafunzi miaka yote: kiumbe hai hula, hupumua, hukua, hujongea, huhisi, hutoa taka, huzaa. La kuzaa nimelimaliza, ushahidi unalala chumba cha pili. Kutoa taka, sitaki kulieleza, ila linakwenda. Nimeanza na kula.

Tatizo: chakula sikitaki. Kijiko kikikaribia, tumbo linafunga mlango. Dawa: paka wa jirani. Nimemwita chini ya meza. Kila Kiini akigeukia jiko, tonge moja linashuka. Sahani imebaki nyeupe! Kiini kafurahi, kaniongeza. Nikamwongeza paka. Kwa kweli lilikuwa somo zima la mnyororo wa chakula, isipokuwa mimi sikuwamo.

Chakula cha jioni paka kaja mwenyewe. Kaketi mbele ya kiti changu, kaninyooshea shingo, kalia kwa sauti ya mtu anayedai haki yake. Kiini kamtazama paka. Kanitazama mimi. Kauliza tangu lini mimi na paka tumepatana, maana zamani nilikuwa nikimwita mdudu mwenye manyoya. Nimesema uzee hulainisha. Kaondoa sahani.

Nadhani hajashuku.

Mito: nimeweka mitatu kitandani. Nikilala chali nazama. Kauliza ya nini mito yote hiyo. Nimesema ya kusomea. Kauliza mbona miwani iko sebuleni. Nimesema nasoma kwa kukumbuka.

Ijumaa, 8 Machi

Muuguzi kaja na mizani yake. Nilikuwa nimevaa mabuti ya mvua ili kuficha miguu. Mvua haikuwepo. Nimesema inakuja.

Kanipima. Nimeongezeka tangu mara ya mwisho, tena si haba! Nikapiga kelele: kukua! Sifa ya tatu! Kiini kapiga makofi, maskini. Muuguzi hakupiga. Kamwomba Kiini akaangalie taa ya ukumbini inayopepesa, kisha kanivua mabuti. Kazi ilikuwa kubwa. Kidogo tuanguke wote wawili. Kabonyeza gumba juu ya muundi wangu. Gumba likaondoka, shimo likabaki, kama kwenye unga uliokandwa. Tukalitazama sote.

"Mzee, huko si kunenepa. Hayo ni maji. Utamwambia mwanao, au nimwambie mimi?"

Nimemsihi aniachie mwenyewe. Kaniapisha. Nimeapa kwa heshima ya somo la biolojia. Kaniambia niape kwa kitu kingine. Nimeapa kwa marehemu mke wangu.

Kiini karudi, taa imetengenezwa. Kauliza tulikuwa tukizungumza nini. Nimesema hali ya hewa.

Mke wangu angenielewa. Nadhani. Yeye aliwahi kuniambia kwamba ningekuwa mti, ningemwomba jua kibali kabla ya kuchanua. Sikujua lilikuwa tusi au sifa. Bado sijui.

Jumamosi, 9 Machi

Kujongea! Hili ndilo la hatari. Kutoka kitandani mpaka choo ninapumzika njiani. Nilihitaji mshirika. Nikamwita Asidi, nikamweleza jaribio zima kwa sauti ya chini.

Kacheka mpaka kakohoa. Kisha akaacha kucheka, akaniita kwa jina la utani nililopewa na wanafunzi.

"Wewe Amiba, una akili timamu kweli? Mtu si panya wa maabara. Mwambie abaki, atabaki. Maneno mawili tu: Kiini, baki."

Nimemweleza kwa subira kwamba nikimwomba, matokeo yameharibika. Sitajua kamwe kama angebaki mwenyewe. Kasema mficha maradhi, kilio kitamfichua. Nimesema hiyo ni methali, si sayansi. Katazama ua wake kupitia dirisha. Kasema angekuja wa kwake, hata kwa kupotea njia, angejilaza mlangoni asitoke. Mwanawe wa kiume hajapiga simu tangu mazishi ya mama yake. Nikamuuliza atanisaidia au hatanisaidia.

Bei yake: nikiri, mbele ya shahidi, kwamba biolojia ni kemia iliyoota nywele. Tumebishana juu ya hilo tangu tulipokuwa tukigombea kabati la maabara. Miaka yote sijatetereka!

Nimekubali.

Mpango: tutoke tukiwa tumeshikana mikono mpaka langoni na kurudi. Yeye achechemee, ili ionekane mimi namshika yeye. Ameigiza kupita kiasi. Alilia "mguu wangu!" mpaka majirani wakachungulia. Mimi ndiye niliyekuwa nikining'inia kwenye bega lake kama nguo kwenye kamba, lakini nani ameona? Kiini katoka mbio, kapita mbele yangu, kamkalisha Asidi kwenye kiti cha dirishani, kamletea supu, kamsugua goti. Goti zima kabisa! Mimi nimesimama nimeshika ukuta, naona nyota, nikiwa mzima.

Na mwizi huyo alikunywa supu yote. Kisha kaniangalia, akisubiri malipo. Nikasema, wazi, mbele ya binti yangu, kwamba biolojia ni kemia iliyoota nywele.

Bisibisi ilimponyoka Kiini mkononi. Kaja moja kwa moja, kaniwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Baba, unaumwa?"

Ajabu. Paka hakumshtua, mito haikumshtua, mabuti kwenye jua hayakumshtua. Nimesema namchangamsha mgonjwa. Kiganja alikiacha pale muda kidogo. Kilikuwa kigumu, kina sugu za koleo. Sifa ya tano: kuhisi. Bado ninayo.

Jumapili, 10 Machi

Siku ya matokeo.

Alasiri Kiini kaketi kwenye kiti cha dirishani, simu mapajani. Amekuwa na mvi mbili juu ya sikio. Sikuambiwa.

Kasema, "Baba, nakuuliza kitu, na usinifundishe. Unataka nibaki?"

Moyo ukapiga vibaya, kama mtoto anayejifunza ngoma. Jibu lilifika mpaka kwenye meno. Nikaona hatari yake: ningelitoa, kila kitu nilichovumilia tangu Jumatano, pamoja na mabuti, pamoja na nywele za kemia, kingekwenda bure. Nikasema mimi ni mzima, afanye anavyoona mwenyewe.

Kasema hakuuliza kama mimi ni mzima. Kauliza ninachotaka.

Basi nikamweleza jinsi mwili unavyojisawazisha. Ukipata joto, unatoa jasho. Ukipata baridi, unatetemeka. Sukari ikizidi, inawekwa akiba kwenye ini. Kila kitu hurudi mahali pake bila mtu kuuomba mwili. Nilieleza vizuri. Nilichora hata kwa kidole juu ya mto. Kanisikiliza mpaka mwisho, kidevu juu ya ngumi, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo na mimi nikisahihisha madaftari mezani na kumsimulia tumbo la kumbikumbi.

Nilipomaliza hakuondoka mara moja. Alisubiri. Mimi pia nilisubiri. Jaribio lilikuwa kwenye hatua yake ya mwisho, na mchunguzi hatakiwi kuegemea mizani.

"Haya, Baba," kasema.

Kaingia jikoni, kafunga mlango. Bomba limefunguliwa. Limetiririka kwa muda mrefu kuliko vyombo vilivyokuwamo. Vilikuwa vikombe viwili. Nilitaka kumpigia kelele kwamba anamaliza maji. Sikupata pumzi ya kutosha.

Jumatatu, 11 Machi

Ameondoka.

Kabla ya kuondoka alifanya kazi asubuhi nzima, ngazi begani. Sikumwelewa. Kafunga kitufe cha kengele ukutani, karibu na mto wangu, kisha kavuta waya kupitia dirishani, juu ya ua, mpaka chumbani kwa Asidi. Nikibonyeza hapa, kengele inalia kule. Kajaribu mara tatu. Asidi kaja akikimbia mara zote tatu, bila kuchechemea, mjinga yule.

Nimemwambia Kiini ni kupoteza waya mwingi kwa mtu mzima. Kasema waya ni wake.

Kisha kapiga magoti, kanivua mabuti. Nimekataa, kavua tu. Kaweka mto juu ya kigoda, kaiweka miguu yangu juu yake, kavuta shuka juu ya miguu bila kuitazama. Kanibusu kwenye paji la uso. Kasema neno lolote, saa yoyote, nimpigie. Nimesema sawa, ila asichelewe gari.

Sauti ya begi la vifaa ikishuka ngazi za barazani naijua: koleo, nyundo, koleo. Niliisikiliza mpaka langoni.

Nyumba imekuwa kama seli iliyotolewa kiini chake. Kuta zipo. Ute upo. Hakuna anayetoa amri.

Ameondoka, kwa hiyo jibu limepatikana. Nimeliangalia jibu hilo mchana kutwa. Sikulipenda.

Jumanne, 12 Machi

Nimeamka na wazo! Jana nilikata tamaa kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Jaribio moja si ushahidi. Tena lilikuwa na dosari, sasa naiona waziwazi: nilikuwa mzima mno! Nani abaki na mzee anayetembea mpaka langoni, anayemaliza sahani, anayenenepa? Niliondoa nuru, nikaondoa maji na udongo pia. Mmea ungefanya nini?

Lazima lirudiwe. Safari hii, kichocheo kidogo sana. Kidogo kiasi kwamba mtu asiyejali hatakihisi. Mafua!

Asidi kaja kunipa dawa za asubuhi, maana Kiini kamwachia maagizo. Nimemweleza. Kaketi kwenye kiti cha dirishani, kashika kichwa. Kasema sina tumaini. Kaninyooshea simu yangu, kasema niandike maneno mawili. Nikamwambia ya kwangu ni mengi zaidi na ni bora zaidi. Nikamwandikia Kiini kwamba nina mafua kidogo, ya kawaida, asijali.

Sijaiweka simu chini, kajibu! Pole Baba. Kunywa maji mengi. Ukitaka nije, sema tu, hata leo napanda gari.

Muuguzi alinikataza maji mengi. Si hoja. Nimeyasoma yale maneno ya mwisho nikarudia, nikarudia tena. Asidi kasoma begani kwangu, kisha kasema kwa upole usio wake, "Haya, Mwalimu. Sema."

Kishawishi kilikuwa kikubwa kupita kiasi! Kidole kilikuwa juu ya herufi. Kidogo niharibu kila kitu, tena tukiwa tumekaribia hivi.

Lakini mimi ni mtu wa sayansi. Nimemjibu kwamba hakuna haja, mwanangu, nimeshapona.

Sasa tuone kama atakuja.