Kanuni za Kupiga Simu Juu ya Lundo la Mbolea

Kwa niaba ya Kamati ya Muda ya Usikivu wa Simu, Ngaramtoni na Vitongoji Vyake, napenda kuutangazia umma kwamba zoezi letu la Machi mwaka 2004 lilifanikiwa kwa asilimia mia moja. Wanaosema vinginevyo ni wale wale waliokuwa wakisukumana kwenye foleni. Naandika haya mimi, Elieza Anande, Katibu wa Kamati, nikiwa na akili timamu na kandambili miguuni, maana viatu vyangu vya ofisini bado vimeanikwa nje.

Nianze na chanzo. Kampuni ya simu ya Sautitele ilitangaza redioni kwamba inaboresha mitambo yake, hivyo wateja tuvumilie: netiweki itaharibika kidogo ili baadaye iwe nzuri mno. Binafsi nililipokea tangazo hilo kwa furaha. Hii ndiyo raha ya soko huria. Zamani mwananchi alikosa simu bila kuulizwa. Siku hizi anachagua mwenyewe kampuni ya kumkatia maongezi.

Uboreshaji ukaanza, na kweli tukaona mabadiliko. Hedwiga, mama wa Kirombo anayeuza mitumba pale sokoni, alimpigia mteja wake wa Moshi akasikia kitu kama maharage yanachemka. Akapiga tena, yakawa yameiva. Kufika siku ya tatu, hata yule dada wa kwenye simu, anayekwambia kwamba mteja hapatikani, naye akawa hapatikani.

Ndipo mzee Yiamat, akimfukuza mbuzi aliyepanda juu ya lundo la mbolea la jirani yake, aliposikia simu inaita mfukoni. Akapokea. Alikuwa shemeji yake wa Monduli, sauti safi kabisa. Yiamat akashuka kwenda kumwita mkewe aje asikie, simu ikakata. Akapanda, ikashika. Akashuka, ikakata. Kabla ya saa nne asubuhi nusu ya Ngaramtoni ilikuwa imesimama juu ya mavi ya ng'ombe, mkono mmoja hewani.

Lundo lile ni la Yeyo Nkasiogi (yeyo kwetu ni mama), mjane, mfugaji na mkulima. Samadi ya miaka minne, imepanda hadi usawa wa paa la nyumba yake. Alikuwa ameilimbikiza kwa sababu shamba lake la bondeni lilikuwa limechoka. Mwaka uliotangulia alivuna magunia mawili tu, mahindi yenyewe membamba kama vidole, na toka Julai akala ya kununua. Safari hii aliazima punda kwa ndugu zake ili mbolea yote ifike shambani kabla ya masika. Masika yalikuwa yamebakiza kama wiki mbili.

Taarifa ilimfikia Mkurugenzi wetu wa Usikivu wa Umma, Ndugu Ebenezer, mtu mwenye mwili wake na mwenye maono. Wakati ule alikuwa anasubiri kuitwa Dar es Salaam, Makao Makuu, kwenye cheo kikubwa zaidi. Alisema simu ya kumwita ingeweza kuingia siku yoyote.

"Elieza," aliniambia, "hili lundo tusipolisimamia, watu watapiga simu ovyo."

"Kweli mzee. Wanapiga hivyo hivyo tu."

"Unda kamati."

Nikaunda kamati ya watu saba, na chini yake kamati ndogo ya watu tisa. Yiamat tulimpa filimbi na cheo cha Msimamizi wa Kilele. Tukazungushia kamba. Halafu nikaenda jikoni kwa Yeyo Nkasiogi kumjulisha kama mdau.

"Shikamoo Yeyo."

"Marahaba, baba. Hiyo kamba ya nini? Punda wangu watapita wapi?"

"Kuanzia leo, Yeyo, lile ni Eneo la Kimkakati la Mawasiliano."

"Ni mbolea."

"Ilikuwa mbolea. Sasa ni miundombinu. Hairuhusiwi kutoka hata debe moja, maana wataalamu hatujajua netiweki imekaa tabaka lipi."

"Elieza, mvua iko hapo nyuma ya mlima. Mbolea ikinyeshewa hapa, mimi nitapanda kwenye nini? Nitakula nini?"

"Andika barua ya kuomba kibali."

"Nimpe nani?"

"Mimi."

"Si ndiyo nakwambia hapa?"

"Hapa umeniambia kwa mdomo, Yeyo."

Akaendelea kuchochea moto. Barua hakuandika. Nilisikitika kuona bado tuna kazi kubwa ya kuelimisha wananchi.

Kanuni za Kamati zilibandikwa kwenye mti wa lango. Ya kwanza ndiyo mama wa zote: simu zote za Ngaramtoni zizimwe, na ziwashwe juu ya lundo peke yake. Sababu ni ya kitaalamu. Netiweki ilikuwa kidogo, na simu zinazowaka ovyo majumbani zinainyonya bure. Mkurugenzi aliipenda sana kanuni hiyo, akazima ya kwake mbele ya wajumbe ili iwe mfano, akaitia kwenye bahasha na kuifungia kabatini. Simu ya mezani ya ofisi tulikuwa tumeiondoa mwaka jana kupisha maendeleo.

Aliyetusumbua ni Yeyo Nkasiogi mwenyewe.

"Mimi kuzima sijui," alisema. "Binti yangu Princess ndiye aliyeiwasha, naye yuko mjini Sakina kwenye saluni yake."

Nilimpa msamaha wa muda, kwa vile ilikuwa inajulikana kuwa jikoni kwake haishiki kitu.

Kila mtu alipewa dakika moja, na salamu zisizidi sekunde kumi. Hapo tulikutana na changamoto za kitamaduni. Siku yake ya mapumziko Yiamat alipanda, akampigia yule shemeji wa Monduli. Akauliza hali yake, hali ya watoto, hali ya ng'ombe, ya mbuzi, ya majani, ya yule ndama aliyeumia mguu. Mjumbe akapuliza filimbi, dakika imekwisha. Nikamuuliza kama shida yake aliisema.

"Shida gani? Ndama amepona!" akajibu, akashuka anacheka.

Wiki ya kwanza ikaenda vizuri. Ikaja barua ya Mkurugenzi: atafika mwenyewe kupiga Simu ya Kitaifa ya Ufunguzi kwa Mkurugenzi Mkuu, Dar es Salaam, mbele ya wananchi wote. Nikaliangalia lundo, nikamfikiria Ndugu Ebenezer na mwili wake. Asingepanda. Lundo lilikuwa na miteremko, lina mashimo, linanuka, na nzi wake hawakuwa na nidhamu. Lilihitaji kusawazishwa, ngazi, usafi. Nilikaa na wajumbe wangu mchana kutwa, tukatoka na Kanuni ya Tisa, ambayo hadi leo najivunia uandishi wake: "Kila mtumiaji, bila kujali cheo, akimaliza kupiga simu atachota uchafu usiopungua debe moja na kuupeleka mahali patakapopangwa na mwenye eneo."

Nilipomsomea Yeyo Nkasiogi, aliacha kukamua.

"Hapo mwisho. Rudia."

"Mahali patakapopangwa na mwenye eneo."

"Mwenye eneo ni nani?"

"Ni wewe, Yeyo. Tunashirikisha wadau."

"Lakini mimi mwenyewe siruhusiwi kuitoa."

"Wewe huruhusiwi. Mtumiaji analazimika. Ni vitu viwili tofauti."

"Haya," akasema. "Nitapanga."

Akapanga. Kesho yake asubuhi madebe yalikuwa yamejipanga langoni, na njia ya kwenda bondeni imechomekwa vijiti. Kila aliyemaliza dakika yake alitwishwa debe, akashuka nalo, na huko chini Yeyo anamwelekeza: mwaga hapa, usirundike, tawanya, hapo kwenye shina la mgomba acha, tayari. Hedwiga alilalamika kwamba ameacha meza yake ya mitumba wazi. Nikamsomea Kanuni ya Tisa. Akabeba, huku akinitupia kwa Kirombo maneno ambayo kwa bahati sikuyaelewa. Siku ya soko niliwahesabu watu mia tatu na kumi. Wale punda walifungwa kivulini, wanatafuna, wanatuangalia.

Na hapa ndipo nauomba umma usome taratibu, kwa sababu matokeo yalikuwa ya kushangaza. Kadiri lundo lilivyopungua, ndivyo netiweki ilivyoongezeka! Mwanzoni tulipata mistari miwili, tena ukisimama kwa mguu mmoja. Siku mbili baada ya Kanuni ya Tisa ikawa minne. Baadaye mitano, imejaa, na sauti unasikia hadi mtu wa upande wa pili anavyomeza mate. Nikamwandikia Mkurugenzi ripoti ya kurasa kumi na moja kwamba Kamati, kwa kusafisha tabaka la juu, imeongeza usikivu kwa zaidi ya mara mbili. Alifurahi mno. Akaniahidi kwamba akiitwa Dar, kiti chake ni changu.

Siwezi kuficha kwamba yalikuwepo maneno ya mitaani. Waliotoka Sakina walidai kwamba huko watu wanaongea na simu hata wakitembea, hata wakiwa chooni. Tuliwajibu kwamba hiyo ni Sakina, nayo ina jiografia yake. Mmoja akaomba awashe simu yake palepale barabarani ajaribu. Yiamat akampulizia filimbi.

Siku ya ufunguzi ikafika. Mlima Meru ulikuwa umejifunika wingu zito tangu asubuhi. Kwaya ya Kilutheri ilituazima kipaza sauti na spika mbili, ili wananchi wote wasikie Makao Makuu yakizungumza. Ndugu Ebenezer alifika na suti ya kijivu na viatu vyeupe. Ngazi haikuhitajika, kwani lundo lilikuwa limebaki kidogo tu, kimo cha goti. Alipanda kwa hatua moja, akapigiwa makofi. Simu yake ikatolewa kwenye bahasha. Akaiwasha, akapiga, nami nikashikilia kipaza sauti karibu na sikio lake.

Ikaita mara moja tu.

"Shikamoo Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu! Nakupigia kutoka Eneo la Kimkakati la—"

"Ebenezer?" Spika zilitoa sauti safi mpaka kuku wakakimbia. "Ebenezer, uko hai wewe?"

"Nipo mzee!"

"Upo wapi? Siku kumi na mbili nakupigia, hupatikani! Asubuhi hupatikani, jioni hupatikani!"

"Mheshimiwa, ni huu uboreshaji wa mitambo..."

"Uboreshaji gani? Sautitele walishamaliza tarehe kumi! Arusha nzima inaongea, Ngaramtoni yenyewe mnara mpya unawaka, wameniletea ramani. Ni wewe tu uliyezima. Nilikutafuta uje huku uchukue ile nafasi. Mkurugenzi wa Usikivu asiyesikika nitamtetea kwa nani? Nimempa Kandida."

"Kandida... wa masjala?"

"Anapokea simu!" Ikakata. Haikukatwa na netiweki. Alikata yeye.

Hedwiga akatoa simu kwenye kanga, akaiwasha pale pale aliposimama, nje ya kamba, bila kibali. Ikalia mlio wa ujumbe. Ikalia tena. Wengine nao wakawasha. Ndani ya dakika moja uwanja mzima ulikuwa unalia, jumbe za wiki mbili zinaingia kwa pamoja. Watu wakaanza kunitazama. Naapa sijawahi kuona aibu namna ile, na kuisema kwangu hapa hadharani kuchukuliwe kuwa ni uwazi na uwajibikaji.

Nilimgeukia Yeyo Nkasiogi. Alikuwa amekaa mlangoni pa jiko lake, anapepeta maharage ya mbegu.

"Yeyo, jikoni kwako simu inashika?"

"Inashika, baba."

"Tangu lini?"

"Princess alinipigia siku ile mliyobandika hiyo ya Tisa. Jioni yake. Nilikuwa nasonga ugali."

"Na hukutuambia!"

"Ningekuambia kwa mdomo, Elieza. Na barua mimi sijui kuandika."

Mkurugenzi alikuwa ameshuka, anatafuta gari lake kwa macho. Hakwenda mbali. Yiamat, Msimamizi wa Kilele, alisimama mbele yake, akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote, akamwekea debe miguuni.

"Huyu hanijui?" Ndugu Ebenezer aliniuliza mimi. "Elieza, mwambie!"

Nilifungua mdomo kumtetea. Lakini karatasi ilikuwa pale mtini, imeandikwa kwa mkono wangu na kupigwa mhuri wake: bila kujali cheo. Na watu mia nne walikuwa wanaisoma kwa sauti, wakiwemo wasiojua kusoma.

Akachota. Suti ya kijivu, viatu vyeupe, debe begani. Yiamat akanigeukia na mimi. Nikamweleza kwamba mimi sikupiga simu, nilishika kipaza sauti tu. Akasema kushika ni kutumia. Nikachota na mimi.

Tone la kwanza la mvua liliniangukia kwenye shingo tulipokuwa tunavuka lango. Nyuma yetu simu ya Yeyo Nkasiogi ikaita. Aliipokea hapo hapo alipokaa, na spika za kwaya zilikuwa zimeshazimwa, lakini nilimsikia vizuri kabisa.

"Ndiyo, Princess. Imeisha, mwanangu, kesho napanda. Yamebaki madebe mawili tu, na yale pale, nayaona yanashuka."