Neno la Siri la Natalina

Jumatatu, 10 Novemba. Koboko.
Nimerudi kutoka Arua na kompyuta. Ndogo, ukubwa wa sahani ya pilau. Sandra, binti yangu mwalimu, alitaka kuitupa. Nikaidaka. Ukiiwasha asubuhi, inaamka karibu na chakula cha mchana. Swaib, fundi wa simu pale sokoni, alisema Windows imemlemea huyu mtoto, niweke Linux mahali pake. Nyepesi, tena bure. Vya bure naviogopa, lakini nilichukua haraka. Ameniwekea kwenye flashi.

Shabaha: Jumamosi Wani wa Midia anamwoza binti yake. Anatafuta mtu wa muziki. Jirani yangu Alionzi, mlokole, ana simu, spika na kiburi. Safari hii atakaa kwenye viti vya wageni kama watu wengine.

Jumanne, 11 Novemba.
Linux imeingia! Unabonyeza F2 kompyuta ikiwa bado na usingizi. Ukichelewa, anaamka Windows. Nilichelewa mara nyingi. Halafu maswali. Lugha gani. Saa za wapi. Koboko hawaijui, nikakubali Kampala. Nifute kila kitu? Futa. Mstari ukatambaa, ukasimama, nikaukemea, ukaendelea.

Mwisho ikataka neno la siri. Hapo nikaiheshimu. Nilipokuwa askari, kambini tulikuwa na neno la siri, likibadilishwa kila jioni. Usipolijua, unalala nje na mbu.

Jumatano, 12 Novemba.
Nyimbo za harusi zimo zote. Za Kongo, za Kikakwa, hata za kanisa. Wani alikuja, akasikiliza, akanipa kazi. Alionzi naye alikuja, eti kunisalimia. Aliuliza kama hiyo ni kompyuta au ni redio ya mtoto. Lakini macho yalikuwa kwenye vidole vyangu. Jasusi! Jioni nikabadilisha neno.

Alhamisi, 13 Novemba.
Nimemgundua adui mkubwa zaidi. Ni mimi. Nikinywa pombe ya kwete nasema kila kitu, hata nisichoulizwa. Basi nimemwita mke wangu Natalina, aandike neno jipya mwenyewe, mimi nimegeukia ukuta. Asiniambie hata nikilia. Mateka asiyejua kitu hana cha kutoboa. Natalina akasema, Baba Sandra, wewe iko na wazimu. Lakini aliandika. Polepole. Neno refu sana.

Ijumaa, 14 Novemba.
Jana jioni nilisema mbele ya wageni kwamba enya ya Natalina, ule ugali wake, inafaa kuziba nyufa za ukuta. Utani tu! Wageni walicheka. Yeye hapana. Leo asubuhi amepanda gari kwenda kwa dada yake kule Adumi. Nyumba imetulia. Raha. Nikakumbuka wakati wa kunyoa ndevu. Neno!

Nimempigia. Alisema atanipa nikimwomba msamaha mbele ya wageni wale wale. Nikamwambia afande haombi msamaha. Akasema basi afande acheze muziki kwa mdomo. Akakata.

Nimejaribu natalina, adumi, enya. Nimejaribu hata jina langu. Wapi!

Jumamosi, 15 Novemba. Midia.
Wageni tele. Spika tayari. Sijaomba msamaha. Nikachomeka flashi ya Swaib, nikaanza kuweka Linux upya mbele ya watu. Nifute kila kitu? Futa! Nikatangaza kwenye kipaza sauti kwamba hii ni sehemu ya sherehe. Watoto walipiga makofi kila mstari uliposogea.

Bibi harusi alifika mstari ukiwa nusu. Akasimama juani na gauni lake, akingoja wimbo wa kuingilia. Wani akaninong'oneza: Mzee Andama, mimi nilikukosea wapi?

Hatimaye ikawaka. Safi, inang'aa, haraka. Bila wimbo hata mmoja.

Alionzi akatoa simu mfukoni. Hakucheka, na hicho ndicho kilichoniuma. Nikaenda kukaa kwenye viti vya wageni.

Jumapili, 16 Novemba.
Natalina amerudi. Kapika enya, kakaa ananitazama nikila. Nikasema tamu. Hakuna mgeni aliyesikia. Nilimuuliza lile neno lilikuwa nini. Akasema alilisahau Alhamisi ile ile.

Basi ningeomba msamaha bure! Msimamo ulinisaidia.

Swaib naye kanicheka kwenye simu. Kumbe flashi ile ina mahali pa kujaribu bila kufuta. Nyimbo ningezikuta palepale. Nikamwambia askari hajaribu.

Jumatatu, 17 Novemba.
Nyimbo mpya zimeingia. Jumapili kuna ubatizo kwa Stella Kiden, nimepewa kazi. Huyo hakuwa Midia, ashukuriwe Mungu.

Natalina hafai kutunza neno. Anasahau. Nilitaka mtu asiyekunywa, asiyesahau, asiyenipikia. Yupo mmoja tu. Alionzi! Adui hatarajii kuaminiwa. Hapo nimempiga chenga. Ameandika neno, mimi nimegeukia ukuta. Akaniambia kesho anaenda Juba kwa biashara, atarudi Krismasi, na laini yake huko haishiki.

Vizuri sana. Siri ikiwa mbali hivyo, nani ataiiba?