Nilivyomtuza Mchumba wa Kimani

Jamani, mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Shule niliacha darasa la nne, na leo nina hardware tatu hapa Nakuru. (Ile ya tatu ni kubwa.) Nimeona yote. Lakini leo mchana nimeaibika mbele ya ukumbi mzima, na aliyenishangaza ni mimi mwenyewe.

Kijana wangu Kimani anataka kuoa Wanjiru. Leo Wanjiru alikuwa anapiga ile fidla kubwa ya kushikwa kati ya magoti, kwenye ukumbi wa kanisa. Nikaketishwa kando ya baba yake, Mwalimu, ambaye bado hajakubali posa yetu.

"Baba Kimani," akaniambia, "huu si muziki wa kuchomea nyama Kikopey. Unataka sikio lililosoma."

"Mwalimu, sikio halilipiwi karo." (Nikajiona mjanja!)

Kimani akaninong'oneza kutoka nyuma: "Dad, tafadhali. Kaa tu."

Nikakaa. Wimbo wa kwanza, usingizi. Wa pili, njaa. Wa tatu... ngojeni. Wa tatu niliujua!

Baba yangu alikuwa mkamuaji kule Molo, kwa mama mzungu mzee aliyekuwa akicheza santuri kila jioni, dirisha wazi. Baba akaushika ule wimbo, akawa anawapigia ng'ombe mluzi. Mimi nashika ndoo, povu la maziwa linapanda, mvuke unanigonga usoni. Alituacha nikiwa na miaka kumi na miwili. Maisha yangu yote nilijua huo wimbo aliutunga yeye.

Machozi, watu wangu! Na mtu akikugusa roho na chombo chake, si unamtuza? Nikapanda jukwaani, nikatoa noti ya elfu, nikailamba ishike vizuri, nikambandika Wanjiru kwenye paji la uso.

Fidla kimya. Mama mmoja wa kofia: "Haiya!"

"Umemtuza binti yangu kama mwimbaji wa baa?" Mwalimu akanguruma.

Nikamweleza pale pale, mambo ya baba na ng'ombe. Mwalimu akaangalia viatu vyake.

"Na huo wenyewe ni wimbo wa wanaoanza," akasema, lakini polepole.

"Baba!" Wanjiru akasema, noti bado usoni. "Si ndio huwa unaimba ukinyoa ndevu?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mwalimu akasafisha koo.

"Faini ni mbuzi. Afike kwangu kabla jua halijatua. Halafu mje Jumamosi tuongee posa."

Msinicheke. Beberu mweupe kutoka Gilgil, pamoja na pikipiki ya kumleta: shilingi elfu kumi na nne, mia tatu na hamsini.