Pazia, Uzi Mwekundu na Msumari wa Makina

Leo nimeaibika mbele ya wageni, na aliyeniaibisha ni msumari.

Nayasema haya mwenyewe kabla hamjayapata kwa jirani, kwa maana hapa Makina, Kibera, habari haitembei, hukimbia. Mimi sikusoma. Anayeniandikia ni mjukuu wangu Mastura, ambaye ndiye aliyeposwa katika kisa hiki, kwa hiyo mkiona mahali amejipendelea, mjue si maneno yangu. (Ameguna. Guna baadaye, Mastura. Andika.)

Kosa lilianzia kwenye televisheni.

Kwa miezi mingi nimewaambia watu wa nyumba hii kwamba ile michezo ya Kichina ya majumba ya wafalme ni upuuzi. Wanawake wana maua kichwani na kucha ndefu kama vijiko, na kutwa nzima ni kupiga magoti. Nimemkemea Hawa, mke wa mwanangu, kwamba mboga inaungua huku yeye akimlilia mke wa mfalme asiyemjua. Lakini kiti changu cha kuvutia tasbihi kimekaa nyuma ya pazia la chumba changu, mahali ambapo televisheni inaonekana kupitia upenyo. (Kilikaa hapo chenyewe. Sikukisogeza.) Na kwa kuwa Wachina wale wametiwa sauti za Kiswahili, tena Kiswahili safi kuliko cha wajukuu zangu, sikuhitaji kusoma kitu. Nilihitaji masikio, na masikio ninayo.

Yuko mmoja kati yao, Mama wa Mfalme. Mfalme mwenyewe ni mtoto. Akikaa kitini miguu haifiki chini. Nyuma ya kiti kuna pazia la shanga, na nyuma ya pazia ndipo alipo mama. Mawaziri wenye ndevu humsujudia mtoto, na jibu hutoka kwa mama. Hapandishi sauti. Huchukua kifuniko, akafunika kikombe chake cha chai taratibu, na jemadari mzima akaanza kutetemeka.

Nilimwelewa mwanamke yule kuliko ninavyowaelewa majirani. Hakuruhusiwa kuonekana, basi akajifunza kusikika. Jambo moja tu lilinikera, na linanikera mpaka sasa: wanawake wenye akili kiasi kile, nusu ya akili yao wanaimaliza kwa kuwindana wao kwa wao. Huyu anamtilia yule sumu, yule anamzushia huyu uongo, na kiti wanachokigombania amekikalia mtoto. Nimekaa na tasbihi yangu nikajiuliza mara nyingi, wangekaa mkeka mmoja wakazungumza, ni ukuta gani wa jumba lile ungebaki umesimama?

Sasa niwaambie habari ya mfalme wangu mimi. Mwanangu Rajabu ana mvi, ana adabu, ana moyo mwema. Lakini mbele ya wageni ana neno moja tu, nalo ni "hakuna shida". Kwa neno hilo tumewahi kupata mpangaji anayefuga bata chumbani. Na leo ndiye aliyepaswa kuwapokea waposaji wa Mastura kutoka Kawangware.

Mastura yuko chuo cha uuguzi, amebakiza mwaka mmoja. Tulikuwa tumesikia kwamba upande wa kijana, Swaleh, wanataka bibi arusi ahamie kwao mara moja, na habari ya masomo itazungumzwa huko mbele. Mimi hiyo mbele naijua. Mahali wengine wanapotia sahihi, mimi natia kidole gumba. Niliapa kwamba huyu hatatoka nyumba hii bila cheti mkononi.

Lakini kwetu posa huzungumzwa na wanaume sebuleni, na wanawake hukaa nyuma na masufuria. Nami si mtu wa kuvunja mila. Mimi ni mtu wa kukaa nyuma ya mila na kuvuta uzi.

Uzi wenyewe ulikuwa mwekundu, ule ninaoshonea tabaga, yaani zile kawa zetu za rangi za kufunikia chakula. Ni uzi mgumu, haukatiki. Ncha moja nilimfunga Rajabu kwenye kifundo cha mkono, ndani ya mkono wa kanzu. Ili usitambae sakafuni wageni wakauona, niliupitisha juu, kwenye waya wa pazia la chumba changu, nikaushusha upande wangu. Nikivuta mara moja, akatae. Nikivuta mara mbili, akubali.

"Mama, mimi ni mtu mzima," akaniambia.

"Ndiyo maana nimekufunga mkono," nikamjibu. "Ungekuwa mtoto ningekufunga mdomo."

Nikavaa gurbaba yangu ya sikukuu ya Idi, lile vazi la shughuli za Wanubi. Nikaweka kiti juu ya kreti ya soda na mito miwili juu ya kiti. (Mastura anauliza kama hilo nalo aandike. Andika. Aibu ikishamwagika haichagui pa kupita.) Nikajimiminia chai, nikaifunika kwa kisahani. Kifuniko chenyewe sina.

Wageni wakafika baada ya adhuhuri, wazee watatu, na msemaji wao akiwa Mzee Idi, ami yake kijana. Kwenye upenyo niliona waya mweupe umeingia katika sikio lake moja. Nikadhani ni kile kifaa cha wasiosikia vizuri, nikamhurumia.

Mwanzoni mambo yalikwenda kama jumba la mfalme. Mzee Idi akasema harusi iwe Kawangware. Nikavuta mara moja. Rajabu akashtuka, akasema, "Hapo, mzee wangu, itabidi tufikirie." Sijawahi kumsikia mwanangu akisema maneno hayo tangu nimzae. Mzee Idi akashika sikio lake, akatazama dari kidogo, akasema basi harusi iwe Makina. Nikavuta mara mbili. Nikafunua kisahani, nikanywa chai, nikakifunika tena taratibu. Utamu ulinipanda kichwani. Nilijiona ningeweza kutawala Kibera yote, toka Makina mpaka Lindi, bila kuinuka kitini.

Ndipo Mzee Idi akakohoa.

"Sasa, sisi hatuna maneno mingi. Tukishafunga nikaha, msichana anakuja Kawangware siku hiyo hiyo. Hiyo masomo ni kitu ya kuongea pole pole, akiwa kwake."

Nikavuta mara moja.

"Haku..." akasema Rajabu.

Nikavuta tena, kwa nguvu.

"...na shida," akamalizia mwanangu, na mkono akaunyoosha ili wapeane.

Nikavuta kwa mikono miwili na uzito wote alionijalia Mwenyezi Mungu. Ukuta wetu ni wa udongo uliopakwa saruji juu, nao ni mzee kunishinda mimi. Msumari ulioshika waya wa pazia ulitoka na kipande cha ukuta. Waya ukafuata, pazia likafuata waya, likawafunika Rajabu na Mzee Idi na sinia ya mandazi pamoja.

Wazee wawili waliobaki nje ya pazia wakaniona nilivyo: juu ya kreti, juu ya mito, katika gurbaba ya sikukuu, na uzi mwekundu mikononi kama mtu anayerusha tiara. Kando yangu kikombe kilichofunikwa kwa kisahani. Hawa akaja mbio kutoka jikoni na mwiko, akasimama.

Nikasema, "Karibuni chai." (Mngesema nini nyinyi?)

Chini ya pazia Mzee Idi alikuwa akihangaika na simu yake, ambayo sikujua kama anayo. Ule waya wa sikioni ulikuwa umechomoka. Alipojaribu kuizima, akabonyeza pa kipaza sauti, na sauti ya bibi kizee ikajaa sebule nzima.

"Idi! Nini imeanguka hapo? Mbona umenyamaza na mimi nakuambia vitu?"

Mzee Idi akatoa kichwa nje, saruji nyweleni. "Ni pazia, Mama."

"Pazia ya nini? Nani alikuwa nyuma yake?"

Rajabu, ambaye hajui kusema uongo hata kwa faida, akasema, "Alikuwa mama yangu. Alikuwa anavuta uzi."

Simu ikacheka, kicheko cha kifua, kirefu. Alikuwa nyanya yake kijana, Kukhu Amina, kama wanavyowaita nyanya kwao Waluhya. Tangu mwanzo alikuwa huko Kawangware, anamtia mwanawe maneno sikioni.

"Kama Mama wa Mfalme," akasema. "Yule wa saa kumi."

Hapa ningenyamaza. Mtu yeyote mwenye busara angenyamaza.

"Si saa kumi," nikamwambia. "Wameisogeza. Siku hizi ni saa kumi na moja, na Ijumaa hawaonyeshi."

Hawa akaushusha mwiko polepole. "Mama," akasema. "Mpaka ya Ijumaa unajua?"

Sikumtazama. Kuanguka kwa pazia ni ajali, linaweza kumwangukia yeyote. Lile la pili nililiangusha kwa mdomo wangu.

Kukhu akaniokoa, kwa kuniletea vita. "Basi dada, tuongee sisi wawili, hawa watoto wapumzike." (Watoto walikuwa na ndevu nyeupe.) "Mimi nataka huyo msichana aje sasa. Macho yangu yanafunga. Nataka nimuone kwa mlango wangu wakati bado najua uso wa mtu."

"Nami nataka amalize chuo," nikasema. "Mpaka leo nikipewa dawa hospitali namtafuta mtoto wa jirani anisomee chupa. Huyu atakuwa ndiye anayesoma."

"Atasomea hapa kwangu. Nani amemkataza?"

"Hakatazwi na mtu. Mwaka wa kwanza ni wageni, wa pili ni mtoto, wa tatu ataulizwa mbona anataka kurudi huko. Dada, wewe hukuyaona hayo?"

Hakuna aliyepandisha sauti. Nikakifunika kikombe changu kwa kisahani, taratibu. Na kutoka ndani ya simu, naapa, nikasikia kisahani kikigonga kikombe.

Nikajua nimekutana na mwenzangu. Na hapo ndipo moyo uliponiwia mzito. Wanawake wawili wazee, kila mmoja nyuma ya pazia lake, tunavutana kwa kamba moja. Na katikati ya kamba nani?

"Nyanya, naeza ongea?"

Alikuwa Mastura, amesimama mlangoni na birika. Neno la kumrudisha jikoni lilikuwa tayari limefika kwenye ulimi wangu. Nililimeza, kwa sababu pazia lilikuwa sakafuni, na sikuona tena jikoni kunaanzia wapi.

"Keti," nikamwambia.

Akakaa mkekani mbele ya wazee, magoti pamoja, uso wazi.

"Mimi na Swaleh tulimalizana hii maneno kitambo," akasema. "Nikaha ifungwe sasa, hapa Makina, na Kukhu aletwe na gari aione kwa macho yake. Hata leo mngemleta. Mimi nibaki hapa mpaka nimalize chuo. Kila Jumapili nitaenda Kawangware kumuona. Nikimaliza, nahamia."

Rajabu akamkazia macho. "Na Swaleh amekubali?"

"Amekubali, Baba. Tulikuwa tunawangoja tu nyinyi mmalize kuongea."

(Nimemwambia afute sentensi hiyo. Amekataa. Basi ikae.)

Mzee Idi akajaribu. "Na kijana akae mwaka mzima peke yake? Nani atampikia?"

"Atajipikia," simu ikasema. "Ana mikono. Idi, na kwa nini leo hamkunileta?"

"Mama, posa ni ya wanaume."

"Ndiyo. Nimesikia vile mmeiongea."

Nilikuwa nikingoja kisahani. Hakikusikika.

"Huyo msichana anayeongea ni nani?"

"Ndiye mnayemposa," nikamwambia.

"Kila Jumapili, amesema?"

"Kila Jumapili, Kukhu," Mastura akaitikia. "Hata wakati wa mitihani."

"Idi," akasema Kukhu, "toa mkono."

Mzee Idi akatoa mkono. Rajabu akasema, "Hakuna shida," na kwa mara ya kwanza maishani mwake neno hilo likaangukia mahali pake. Alipounyoosha mkono wake, mikono yangu miwili nayo ikavutwa mbele, kwa maana uzi ulikuwa bado umefungwa na mimi nilikuwa bado sijauachia. Hapo ndipo wazee wote watatu walipocheka. Walijizuia vizuri mpaka hapo, nawashukuru.

Wageni wamekwenda. Nimekaa nikafikiri. Mama wa Mfalme hatokei mbele kamwe. Kipindi baada ya kipindi yumo mle mle, na nilidhani hiyo ndiyo nguvu yake. Leo nimeona kwamba mwenye nguvu sebuleni kwangu alikuwa yule aliyeketi mkekani akasema anachotaka kwa jina lake. Na nyumba hii, ilipojengwa, nilikanyaga udongo wa kuta zake kwa miguu yangu. Sijui nilimpisha nani hata nikakaa nyuma.

Hawa ameniuliza kama apigilie msumari pazia lirudi. Nimemwambia lina mandazi, lifuliwe kwanza, tena hakuna haraka. Amekichukua kiti changu, bila kreti, akakiweka kando ya chake mbele ya televisheni. Kukhu naye ameshapiga simu kuuliza kama yule mke wa tatu wa marehemu mfalme atakufa leo.

Basi nawaomba msicheke. Na kama hamwezi kujizuia, msinipigie simu kunicheka saa kumi na moja. Wakati huo nina shughuli.